Betri ya Volti Kumi na Mbili

Kwa miaka arubaini na tatu Jaribu Silima alitengeneza gari za watu pale Madungu bila ya kipimo chochote isipokuwa masikio yake mawili. Gereji yake ni kipande cha uwanja kilichoezekwa mabati, ubavuni mwa nyumba yake, na mtu akileta gari Jaribu hakuwa akimuuliza ina nini. Alimwambia aitie moto, akasimama na kitambaa chake begani, kichwa kakiinamisha upande, akasikiliza. Halafu akasema valvu ya tatu. Au akasema plagi moja imelala. Kuna bwana mmoja wa Mkoani aliambiwa gari yake nzima, ila yeye mwenyewe anaiendesha kama anafukuzwa. Watu walikuwa wakija kukaa tu, wamtazame anavyosikiliza.

Masikio hayo yakaja yakamgeuka. Hayakumgeuka siku moja. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege wa alfajiri, kengele ya baiskeli, birika linapoanza kuchemka. Baadaye maneno ya watu yakawa yanamjia yamekatika vipande, na kazi ya kuyaunga ni yake. Mtu akimkabili na akasema kwa nguvu alimpata, na asichokipata sikioni alikisoma mdomoni. Wenziwe wakicheka, alicheka. Akiulizwa jambo ambalo halikumfikia, alijibu "Naam," kisha akaomba Mungu lisiwe swali la kutaka jibu jengine. Msikitini alihamia safu ya mbele, nyuma ya imamu, na watu wakasema mzee uzee umemzidishia ibada.

Hakumwambia mtu. Mwashi akiumwa mgongo husema mgongo waniuma, na watu wakampa pole na dawa ya kuchua. Jaribu angesema nini? Ufundi wake wote ulikuwa umekaa mahali pamoja, na pahali hapo ndipo palipoharibika. Kwa hivyo alinyamaza, na alidhani amefaulu.

Alidhani hivyo kwa sababu alikuwa Pemba. Sisi watu wa kisiwa hiki tuna ugonjwa wetu, na tukiusema tunauita adabu. Mzee haambiwi kasoro yake usoni. Akikuita kwa jina la kaka yako unaitika. Akikuhadithia kisa alichokuhadithia juzi unashangaa upya, tena unamuuliza ikawaje. Ukimsahihisha, wewe ndiye mwenye kasoro, na mama yako ataulizwa alikulea vipi. Mimi sisemi kuwa ni jambo baya. Nasema tu kwamba kuna siku mtu huhitaji kuambiwa, na siku hiyo hakuna wa kumwambia.

Wateja nao walikuwa wamepungua, na hilo Jaribu alikuwa na sababu yake ya kulielezea. Gari za siku hizi zina kompyuta, alisema, hazitaki fundi, zinataka mtu wa kubonyeza vidude. Zikaenda zote Wete, mtaa wa Jadida, kwa Soud, ambaye alikaa chini ya mkono wa Jaribu miaka tisa kabla ya kufungua gereji yake. Jaribu alibaki na gari moja. Ilikuwa Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe yenye injini nyuma, ambayo marehemu Mzee Anas aliinunua kwa daktari mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake. Mzee Anas alipofariki ilirithiwa na mwanawe, Thabit, mwalimu wa jiografia, na Thabit akaendelea kuileta kama babake alivyokuwa akiileta, kila baada ya miezi mitatu au minne. Ikiondoka hiyo, Jaribu alijua, yeye si fundi tena. Atakuwa mzee mwenye sanduku la spana.

Na kuiweka moto hakuwa akiweza tena. Moto wa injini, yaani cheche ya plagi, ukiwahi sana injini hugonga, na ukichelewa gari huwa nzito, na zamani Jaribu alikuwa akikizungusha kile kikombe cha distribyuta, kinachozigawia plagi cheche, kidogo kidogo mpaka sikio likamwambia hapo. Miaka ya karibuni alikizungusha tu, akakiacha pale mkono ulipokumbuka, akaomba Mungu. Ajabu ni kwamba gari haikuwahi kurudi na malalamiko. Kila safari Jaribu alimshukuru Mola wake na kila safari hofu yake ilizidi, kwa kuwa mtu hawezi kubahatisha daima.

Ndipo alipokumbuka taa. Ipo taa ya mafundi, ina umbo la bastola, ambayo hubanwa kwenye waya wa plagi ya kwanza, na kila plagi inapopiga cheche nayo humulika. Ukiielekeza kwenye puli ya injini inayozunguka kwa kasi, alama iliyochongwa juu ya puli huonekana imesimama tuli. Alama ikisimama penye mstari wa katikati ya injini, moto umekaa mahali pake. Ni kazi ya jicho tupu, na macho ya Jaribu yalikuwa mazima. Akamtumia ujumbe binti yake Shamima, aliyeko kazini Unguja, amtafutie. Ikaja na boti ndani ya boksi la viatu, imefungwa na khanga kuukuu isivunjike.

Thabit akaleta gari Jumanne asubuhi kabla ya kwenda skuli.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Yasemaje?"

"Naona yavuta kwa tabu kidogo ikipanda," akasema Thabit, kamkabili vizuri, sauti juu.

"Niachie. Njoo baada ya laasiri. Leo nataka niifanyie kazi ambayo hata babako hakuiona."

Thabit alipoondoka, Jaribu alifungua mlango wa nyuma, akaitia moto injini, akabana ile taa kwenye waya wa plagi, kisha akachukua zile nyaya zake mbili za umeme, nyekundu na nyeusi, akazifunga kwenye betri ya gari iliyo chini ya kiti. Akabonyeza. Taa ikatoa mwanga mmoja mchovu, ikatoa wa pili, ikanyamaza. Akazifungua nyaya, akazisugua ncha zake kwa msasa, akafunga tena. Safari hii haikutoa hata huo mmoja. Ikamjia kwamba taa imevunjika baharini, na Shamima wake maskini kahangaika bure. Akakichukua kile kikaratasi kilichokuja nayo. Maandishi hakuyaelewa, lakini palikuwa na picha ya betri, na juu ya betri pameandikwa 12.

Akakaa juu ya tairi. Gari hii umeme wake ni volti sita. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe kwa miaka yote amewafukuza watu waliotaka kuiazima betri yake au kuitia taa za kisasa. Sita tu hii, alikuwa akiwaambia, msiniharibie mtoto. Na leo kaifunga taa ya kumi na mbili kwenye sita, kisha kakaa kuisugua kwa msasa. Alijionea haya ingawa hapakuwa na mtu.

Basi kilichokosekana kilikuwa betri ya volti kumi na mbili. Isimame tu pembeni, iilishe taa, injini iendelee na sita zake. Jambo dogo. Mchana wa siku ile jambo dogo hilo lilimzungusha Madungu nzima.

Alianza na Zubeir, mwenye bodaboda, baba wa watoto watatu, aliyekuwa amesimama kivulini mkabala na gereji. Betri ya pikipiki ni kumi na mbili. Zubeir alikuwa radhi kabisa, na alikwisha kunyanyua kiti cha pikipiki aitoe, simu yake ikalia. Akasikiliza, akakirudisha kiti, akavaa helmeti, na kwa ndani ya helmeti akasema maneno mengi akionyesha kidole upande wa Vitongoji. Mdomo wake haukuonekana.

"Naam," akasema Jaribu.

Zubeir akaondoka. Jaribu akamngojea kivulini saa nzima na robo, hajui kama aliambiwa narudi sasa hivi au leo sirudi.

Kutoka hapo akaenda msikitini. Kipaza sauti cha msikiti kina betri yake ya akiba, kubwa, kwa siku ambazo umeme unakatika, na ufunguo wake anao Mzee Haidar. Walisalimiana kwa utaratibu, wakaulizana watu wa nyumbani, wakaulizana habari za mvua. Jaribu akaeleza haja yake. Ni nusu saa tu, na atairudisha kabla ya laasiri.

Mzee Haidar alikunja uso kama anayeumia yeye. "Ungetaka yangu ningekupa na nyumba niliyoiwekea," akasema. "Lakini hii imetolewa wakfu, Jaribu. Aliyeitoa kasema ya adhana. Mie na weye tukaitie kwenye gari ya mtu? Wallahi nnaogopa."

Jaribu naye aliogopa baada ya kuambiwa, akaomba radhi kwa kuomba. Akarudi nyumbani jua la adhuhuri likiwa kichwani, akijua kwamba betri iliyobaki ni moja, na kwamba ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu asubuhi.

Ilikuwa ya mkewe, Bi Siti. Ilikaa chumba cha uani, imeungwa na kipande cha sola juu ya bati, na ndiyo inayowasha taa kina mama wanapokuja kusoma Kurani kwake baada ya magharibi. Jaribu aliikwepa kwa sababu Bi Siti angemuuliza. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na nane huuliza.

"Waitaka ya nini?" akauliza Bi Siti. Alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini, akamgeukia uso mzima.

"Ya taa."

"Taa ya nini na jua lote hili?"

"Ya kutazamia moto wa injini. Hii ya Thabit."

"Siku hizi moto watazamwa?"

"Watazamwa. Duniani kote watazamwa."

Bi Siti akasema polepole, kila neno kalifungulia mdomo wake: "Baba Shamima, kwani ukimwita Soud akashika upande mmoja patakuwa na nini? Ni mwanao yule."

"Soud ana kazi zake."

"Haya."

Bi Siti aliinuka akazifungua nyaya za sola mwenyewe, kwa kuwa alikuwa hamwamini mtu nazo, na wakaibeba ile betri wawili, huyu mkono huu na yule mkono ule, hadi uwanjani. Aliiweka chini, akanyoosha kiuno. "Kabla ya magharibi," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Jaribu akazifunga nyaya, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Akabonyeza. Taa ikafyatuka mwanga mweupe, mkali, wa haraka haraka, mpaka akafumba macho. Akaielekeza kwenye puli. Ile alama ilikuwa pale, mstari mdogo uliochongwa kwenye chuma, umesimama katikati ya mzunguko kama umegandishwa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiitazama injini hii bila ya kujua ndani yake mna nini, na sasa injini ilikuwa inamwonyesha.

Alama ilikuwa mbali na mstari, mbali hasa. Akalegeza kibano cha distribyuta, akakizungusha kikombe taratibu huku jicho liko kwenye alama, na alama ikawa inasogea, inasogea, mpaka ikafika pale penye mstari wa katikati. Akakaza. Alikuwa amekizungusha karibu upana wa kidole gumba. Yaa Rabi, akawaza, basi hivi ndivyo nilivyokuwa nikiiacha? Aliona aibu kwa Thabit, kisha furaha ikaifunika aibu yenyewe, kwa sababu aibu hiyo imekwisha na hakuna aliyeijua. Akaizima injini, akaitia moto tena, akaweka kiganja juu yake. Ilitetemeka sawasawa, nyepesi, ina hamu ya kwenda. Betri akairudisha kwa Bi Siti kabla hata ya laasiri, akamwambia, "Umeniokoa leo." Bi Siti akasema alhamdulillah.

Thabit alipokuja alikuta gari imeoshwa. Jaribu akapanda naye kuijaribu, spana ndogo mfukoni kwa mazoea tu, wakateremka njia ya Vitongoji. Gari ilikwenda vizuri mno. Jaribu alizungumza njia nzima. Alimweleza Thabit habari za taa, jinsi inavyosimamisha kitu kinachozunguka, na kwamba zamani walikuwa wakifanya kazi hii kwa kukisia lakini sasa mambo ni ya hakika. Thabit akaitikia kwa kichwa. Walipofika mbele wakageuza, wakaanza kupanda.

Pembezoni mwa kilima hicho karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na wanawake watatu walikuwa wanazigeuza. Wote watatu wakainua vichwa. Jaribu akawapungia mkono. Mbele kidogo mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli akasimama, akageuka, akaitazama gari ikimpita. Gari nzuri hutazamwa, akawaza Jaribu. Kisha akamwona Thabit. Thabit alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta, ameurudisha kidogo, ameuondoa tena, na midomo yake ameibana, kama mtu aliyebeba trei ya vikombe vilivyojaa.

Jaribu akakiweka kiganja chake juu ya dashibodi.

Kilimjia kitu kidogo, cha haraka, kigumu, ndani ya ule mtetemo wa kawaida. Kiganja kilikijua kabla yake. Na papo hapo, bila ya kuitafuta, ikamjia ile puli.

Mwaka ule wa masika makubwa puli ya gari hii ilipasuka. Nyengine haikupatikana Unguja wala Dar, na Jaribu akaenda kuing'oa kwenye injini iliyotupwa nyuma ya nyumba moja Vitongoji, kuku wameitagia. Ilikaa barabara, ila haikuwa ya injini ya aina hii, na alama yake imechongwa pengine kabisa. Mzee Anas, mtu wa kupenda kuuliza, aliuliza, "Na hii alama, Jaribu, si haitokuwa sawa?" Na Jaribu akamjibu mbele ya watu, "Alama ya nini, mzee? Mie n'na masikio." Watu walicheka sana siku ile, na yeye alicheka kuliko wote.

Alama ilikuwa ya uongo, na uongo huo aliutia yeye. Taa ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ikamwonyesha pale alipopaharibu, naye akapafuata. Injini ilikuwa inagonga kilima kizima, kila mwenye sikio kuanzia Vitongoji anaisikia, na yeye kakaa kiti cha mbele anahutubia habari za hakika.

"Thabit," akasema, "injini yasemaje?"

"Iko vyema, ami."

"Haigongi?"

Thabit hakumtazama. "Imetulia."

"Simama hapo."

Thabit akasimama pembezoni, chini ya mikarafuu. Jaribu akazunguka nyuma, akafungua mlango wa injini, akatoa spana. Alijua la kufanya, hilo alikuwa bado nalo. Kirudishwe kikombe nyuma. Lakini nyuma kiasi gani? Pale kilipokuwa asubuhi hakupawekea alama yoyote, alikuwa na haraka ya kukiondoa. Akakirudisha nusu, akakaza, akamwambia Thabit apande nayo kidogo kisha arudi. Thabit akapanda mpaka penye nguzo, akarudi.

"Sasa je?"

"Sasa sawa kabisa, ami."

Akakirudisha zaidi, mno, kwa makusudi, mpaka mahali ambapo hata mtoto angejua kuwa gari haiwezi kuvuta. "Nenda tena." Gari ikajikokota mpaka kwenye nguzo, ikarudi, moshi unaitoka.

"Na sasa?"

"Hapo ndipo penyewe," akasema Thabit. "Hata zaidi ya mwanzo."

Jaribu alimtazama usoni mtu huyu mwema, mtoto wa mtu mwema, kalelewa vizuri, jasho linamtoka. Alihitaji kitu kimoja tu duniani. Alihitaji mtu wa kumwambia inagonga au haigongi, neno moja, na mkono wake ungemaliza yaliyobaki kwa dakika mbili. Na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake na masikio yake mazima, na hawezi. Hata angempigia magoti, Thabit angepiga naye magoti, akamwambia iko vyema.

"Thabit," akasema. "Mie sisikii."

Alikuwa hajapata kuyasema maneno hayo, hata peke yake. Aliyaona ni mafupi.

Thabit aliangalia miguu yake. Kisha akainua uso, ili Jaribu auone mdomo, na hilo la kuinua uso likamwambia Jaribu jawabu kabla ya jawabu.

"Twajua, ami."

"Nani anajua?"

"Sote."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Jaribu akaegemea gari. Miaka mitatu, tuseme mara tisa, mara kumi, kaiweka moto gari hii kwa mkono uliokuwa hauna wa kuuongoza, na haikurudi hata mara moja. Alidhani ni Mungu. "Basi mbona imekuwa yenda?" akauliza.

"Nikitoka kwako hupita Jadida."

"Kwa Soud."

"Kwa Soud, ami. Huiweka sawa."

"Na asubuhi, hilo la kuvuta kwa tabu?"

"Haikuwa na kitu. Huwa haina kitu." Sauti yake Thabit ilikuwa imeshuka, lakini mdomo ulisomeka. "Soud ndiye hunambia. Ikishapita miezi mitatu hunipigia simu, hunambia sasa ipeleke kwa mzee."

Gari ya karafuu ikapita, dereva akawapungia, wote wawili wakampungia. Jaribu akawaza kwamba pale pahali pa asubuhi, pale alipokiondoa kikombe kwa upana wa kidole gumba na kupaonea aibu, palikuwa kazi ya Soud. Ilikuwa sahihi. Yeye Jaribu ndiye aliyemfundisha. Akawaza pia safari zote Soud alizofungua mlango ule wa nyuma akaikuta kazi ya mwalimu wake ilivyo, akatengeneza, akafunga, na sikukuu ya Idi ikifika akaja kumpa mkono na kumuuliza, "Fundi, umenitupa?" Machozi yalimjia, akayaacha yatoke, maana Thabit alikwisha kugeuka upande wa mikarafuu.

Akaufunga mlango wa injini.

"Nikupeleke nyumbani kwanza?" akauliza Thabit. "Au twende sote?"

Jaribu aliifikiria safari ya Jadida. Aliiona gereji ya Soud, na Soud mwenyewe akitoka chini ya gari ya watu, anafuta mikono, anamwona mwalimu wake anashuka. Alimwona Soud anavyotafuta la kusema. Mtoto yule hajui kusema uongo, hajapata kujua, na miaka mitatu ameufanya kwa mikono tu ili asiuseme kwa mdomo.

"Nipeleke nyumbani," akasema. "Na ukifika kwake usimwambie kama najua."

"Sitomwambia."

"Na akikupigia, baada ya hiyo miezi yake mitatu?"

Jaribu akamsaidia.

"Ilete," akasema.

Walipanda kilima polepole. Thabit alimteremsha mbele ya gereji, akamshukuru kwa kazi, akamuombea dua, wakaagana kama wanavyoagana siku zote, na gari ikashika njia ya Wete. Bi Siti alikuwa mlangoni. Jiko lake linatazama kilima, na lolote linalopanda kilima kile hulisikia kutoka mbali.

"Gari ikoje?" akamuuliza mumewe, uso mzima.

"Imetulia," akasema Jaribu.

"Alhamdulillah," akasema Bi Siti, akaenda kumwekea maji ya kuoga.